Kwako kunachanua nini sasa hivi? Uzi wa maua ya nyumbani, kiangazi mpaka vuli

Kichanga_Goba (27 Januari)

Wakuu salaam. Huu ni mwaka wa saba nahangaika na kieneo changu hapa Goba, Dar. Udongo ni kichanga kitupu: ukimwaga ndoo, ukigeuka nyuma haipo. Muda wote huo nimetafuta kalenda ya maua inayotufaa sisi, sijaipata. Ukiingia mtandaoni unaambiwa panda hiki baada ya theluji ya mwisho. Theluji ya Goba naisubiri mpaka leo.

Nimeona tutengeneze ya kwetu. Kila mtu aandike yuko wapi na kwake kumechanua nini, basi. Naanza mimi.

Leo asubuhi nimezunguka na kikombe cha chai. Bogenivilea ya zambarau imejaa mpaka majani hayaonekani, ya rangi ya chungwa iko nusu, nyeupe inaringa. Msanapiti wa getini unaangusha maua mazimamazima, na watoto wa jirani wanayaokota kabla sijafagia. Waridi la jangwa liko kwenye chungu chake, shina nene kama goti la mzee, maua ya pinki juu. Haibiskasi kila siku ina maua mapya, na ya jana yamejisokota kama sigara. Kwenye ufa wa zege pembeni ya karo kumejiotea vinka, sikuzipanda wala sizimwagilii, na ndizo zenye afya kuliko vyote nilivyonunua.

Mkrismasi wa jirani umeshamaliza. Mabaki yake mekundu yako juu ya paa langu, yanaziba mfereji.

Ambavyo havichanui: mawaridi (joto limeyapiga), na malkia wa usiku. Huyo ana mwaka wa tano hajatoa hata tumba moja. Mwenye dawa aseme.

Deni_la_Mangi (27 Januari)

Kwangu linachanua deni tu, majira yote. Naendelea kufuatilia.

MamaJuniorKibada (28 Januari)

Kaka Kichanga, naomba msaada. Bogenivilea yangu niliinunua kwa wauza miche wa barabarani ikiwa imejaa maua kweli. Ina miezi minane sasa. Namwagilia asubuhi na jioni, naweka samadi ya kuku kila mwezi. Imekuwa msitu, majani ya kijani yanang'aa, ua hata moja. Au walinibadilishia?

Kichanga_Goba (28 Januari)

Hujabadilishiwa, dada. Unaipenda kupita kiasi.

Mimi nilijifunza kwa shida. Mwaka juzi maji ya bomba yalikatika mtaani kwetu karibu wiki sita, Agosti kuingia Septemba. Tulikuwa tunanunua ya boza na kila ndoo ina kazi yake: ya kupikia, ya kuoga, ya chooni. Maua hayakupata hata kikombe. Wiki ya tatu bogenivilea ilianza kudondosha majani, nikajisemea basi, hii ni kuni. Nilikuwa natafuta panga. Wiki ya tano nikaona vidoti vya zambarau kwenye ncha, na maji yaliporudi ule ukuta wote ulikuwa unawaka. Majirani walidhani nimeweka dawa.

Tangu siku hiyo naamini jambo moja, na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu: bustani ya Ulaya saa yake ni baridi, ya kwetu saa yake ni ukame na mvua. Mimea mingi tuliyonayo inachanua kwa sababu imekaukiwa, au kwa sababu imekaukiwa halafu ikanyeshewa. Sisi tukipata mpira wa maji tunaivuruga saa yenyewe. Tunaifanya iwe masika mwaka mzima, halafu tunalalamika majani.

Kwa hiyo: simamisha maji. Ikiwa ipo ardhini, acha kabisa mpaka majani yalegee, ndipo uipe kidogo. Samadi ya kuku ipeleke kwenye mchicha, ina naitrojeni nyingi na naitrojeni ni chakula cha majani. Na iwe juani, siyo chini ya mwembe.

Mbishi_Asilia (28 Januari)

Kwa faida ya wengi: hiyo zambarau mnayoisifia siyo ua. Ni majani. Mnapongezana kwa majani.

Kichanga_Goba (28 Januari)

Sahihi kabisa, mbishi. Ua lenyewe ni kale kamrija keupe katikati ya yale majani matatu ya rangi, kadogo kama njiti ya kiberiti. Lakini nenda kamwambie mke wangu kwamba ukuta wake una majani.

Na kwa kuwa umeanza elimu, naongeza: huyu ni mgeni kutoka Brazili. Commerson, mtaalamu wa mimea aliyekuwa kwenye msafara wa meli za Bougainville, aliukuta kule miaka ya 1760, ukabatizwa jina la mkuu wa msafara. Ukiangalia bustani zetu, wageni ni wengi. Msanapiti katokea Amerika ya Kati, mkrismasi na vinka Madagaska, mjakaranda Argentina na Bolivia. Kinachonichekesha ni kwamba wote wameshajua masika na vuli kuliko wenye nyumba.

Mshambaa_wa_Magamba (2 Februari)

Wageni tunao, na sisi tumetoa pia. Mnakumbuka kale kaua ka zambarau ka kwenye kikopo, majani yana manyoya kama sikio la sungura, kanakouzwa madukani Ulaya nzima? Ni ka huku kwetu Usambara. Baroni Walter von Saint Paul, ofisa wa Kijerumani Tanga, alituma mbegu kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata kakapewa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo wake. Wajerumani mpaka leo wanakaita urujuani wa Usambara. Huko Amani msituni kanaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevunyevu, hakuna anayekamwagilia.

Nyumbani Lushoto ninako barazani. Hakataki jua la moja kwa moja na hakataki maji juu ya majani, yanaacha madoa ya kahawia. Weka kisahani chini, kanywe kwa mizizi. Ukifanya hivyo kanachanua karibu mwaka mzima.

Kwa sasa huku: dalia, mayungiyungi meupe mtaroni, na hidranjea ndiyo iko kwenye chati. Na hapa nina kituko. Kichaka changu kimoja cha hidranjea upande wa shamba ni bluu, upande wa ukutani ni pinki. Shina moja. Nilihangaika mpaka nikakumbuka ule ukuta tuliupiga lipu na kuupaka chokaa mwaka jana. Udongo wetu una tindikali, hapo maua huwa bluu. Chokaa ikishuka na maji ya mvua inapunguza tindikali, na mmea haupati tena ile aluminiamu inayoleta bluu. Mama mkwe anasema kichaka kimerogwa. Nimeacha mjadala.

Njiwa_wa_Makete (3 Februari)

Mlioko Dar, mkitaka kuona maua ambayo hakuna aliyeyapanda, njooni Kitulo kabla mvua hazijaisha. Sisi tunaita Bustani ya Mungu. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, uwanda wa juu, kuna zaidi ya aina 40 za okidi peke yake. Novemba mpaka Aprili ndiyo wakati wake, kila mwezi una rangi zake. Ombi moja tu: msichimbe. Okidi za huku ziling'olewa sana kwa ajili ya viazi vyake vinavyopelekwa Zambia kupikwa chakula kinachoitwa chikanda, na ukiipeleka bondeni kwenye joto inakufa tu.

Kichanga_Goba (31 Machi)

Nimerudi. Masika imefungua Dar, tumepata mvua mbili za maana.

Nataka niwaeleze nilichokiona leo. Pembeni ya tangi, mahali ambapo tangu Agosti palikuwa kichanga kikavu, limetoka bua nene kama kidole gumba, lina madoadoa mekundu chini. Jani bado hakuna. Juu yake kuna tufe jekundu kubwa kuliko ngumi yangu, lote limetengenezwa na viua vidogo vidogo vya nyota, kila kimoja na nyuzi zake zenye ncha ya njano. Nilianza kuvihesabu, nikafika 110 na sijafika nusu, nikaitwa ndani.

Ni lile yungiyungi la mpira wa moto (fireball lily kwa Kiingereza), nilikuwa nimesahau kama nililizika tunguu lake hapo. Huyu sasa siyo mgeni, ni mwenyeji wa Afrika, porini utamkuta. Analala kiangazi chote chini ya ardhi, mvua za kwanza zinamwamsha, anatoa ua kwanza ndipo majani yafuate. Ua linakaa wiki moja, mbili ukibahatika. Mpandeni halafu msimsumbue. Ila tunguu lina sumu, kwa hiyo mbali na mbuzi na watoto wadogo.

Na vile viyungiyungi vya mvua, vyeupe na pinki, vilivyopangwa kando ya njia kama majani ya kitunguu: siku tatu baada ya mvua ya kwanza vyote vimesimama. Nimejaribu kuvidanganya kwa mpira, vimegoma. Sijui vinatofautishaje.

Bogenivilea sasa imenyamaza, ni majani. Ndivyo inavyopaswa. Waridi lina madoa meusi kwenye majani kwa ajili ya unyevu, nimeokota yaliyoanguka nikachoma.

binti_Vikokotoni (4 Aprili)

Shikamoo kaka Kichanga na wenzio. Mimi niko Unguja mjini, sina bustani, nina ua wa nyumba na vyungu kumi na saba juu ya dari. Lakini nimesoma uzi wote nikaona hamna hata mmoja aliyetaja harufu. Nyote rangi, rangi, rangi.

Kwetu ua lisilonukia ni pambo la wageni. Bibi yangu alikuwa na mwasmini mmoja tu, wa tabaka mbili, na mrehani kwenye kopo la maziwa. Asmini haichumwi asubuhi ikishafunguka, harufu imeshakwenda. Inachumwa alasiri ikingali tumba, nyeupe, imefunga kama punje ya mchele mkubwa. Unaitunga au unaiweka kwenye sahani yenye kitambaa kibichi, na usiku inafunguka mkononi mwako. Kikuba cha harusi ni hiyo asmini, na mrehani, na mkadi, na langilangi ikipatikana. Langilangi usiichume ya kijani, subiri iwe njano, na uichume alfajiri kabla jua halijaikausha.

Misimu yetu: mwasmini unatoa zaidi wakati wa joto, kaskazi ikivuma, na tena mvua ikianza. Kipupwe hupunguza, kwa hiyo ndipo tunapoukata matawi. Bibi alikuwa akisema mti usiokatwa unazeeka haraka. Ukikata, vichipukizi vipya ndivyo vinavyobeba maua.

Kichanga_Goba (4 Aprili)

Marahaba binti. Umenipiga na nimekubali. Daftari langu la miaka saba halina safu ya harufu.

Deni_la_Mangi (5 Aprili)

Binti, ua wenu una nafasi ya mpangaji?

binti_Vikokotoni (5 Aprili)

Una nafasi ya mtu wa kupandisha maji darini, ngazi thelathini na mbili.

Maskati_Mkongwe (12 Aprili)

Asalam aleikum. Mimi nipo Maskati, asili yangu Pemba. Huku majira yamepinduka. Bustani ni ya kuanzia Novemba mpaka Machi: petunia, meri-goldi, kila kitu. Sasa joto linaingia, na likifika digrii arubaini na kitu vinabaki bogenivilea na waridi la jangwa, vingine vyote tunaviaga.

Lakini wakati huu ndipo watu wanapopanda Jabal Akhdar. Kule juu, kama mita 2,000, mawaridi yanachanua kuanzia mwisho wa Machi mpaka Mei. Waridi lenyewe la pinki, dogo, ukiliona kwenye picha hutalijali. Wanayachuma alfajiri na kuyatia kwenye vyungu vya udongo juu ya moto, mvuke unashuka kwenye chombo cha shaba, na ndiyo maji ya waridi. Yale ya kienyeji yana harufu ya moshi kidogo. Marehemu mama alikuwa akipata chupa moja basi Idi nzima nyumba inajulikana.

Rongai_Kijani (9 Julai)

Wadau, huku Rongai baridi imetubana, mawingu kutwa nzima. Kuna mtu ana kitu kinachanua Julai? Kwangu ni mwambangoma peke yake wa jirani, hauna jani hata moja na umeanza kuwasha nyekundu. Na ile impashenzi ya kivulini, hiyo haijui likizo.

Mshambaa_wa_Magamba (9 Julai)

Impashenzi nayo ni yetu, Rongai. Afrika Mashariki ndiyo kwao. Tunainunua kwenye vipakiti kutoka ng'ambo.

Julai usitafute maua, tafuta mkasi. Mawaridi yakate sasa, acha matawi matatu manne yenye nguvu, kata juu ya kijicho kinachotazama nje. Wiki sita mpaka nane utaona matumba. Ukichelewa mpaka Oktoba, unachanua sambamba na mvua na mvua inakuharibia.

MamaJuniorKibada (21 Agosti)

Kaka Kichangaaaa! Imechanua! Nilikata maji tangu Juni mvua zilipoisha. Mume wangu alikuwa anaimwagilia kwa siri kwa huruma, nikamfumania na jagi. Baada ya hapo wiki nne tu. Pinki tupu mpaka kwenye nyaya za umeme. Sasa nipunguze au niache?

Kichanga_Goba (21 Agosti)

Hongera dada. Iache ichanue mpaka mwisho, kisha kata kabla ya vuli. Inatoa maua kwenye matawi mapya. Kwenye nyaya usipande mwenyewe, muite mtu wa umeme. Na mzee mnyang'anye jagi.

Rongai_Kijani (17 Oktoba)

Mjakaranda umefika. Nairobi yote ni zambarau, barabarani kumetandikwa zulia, ukikanyaga yanapasuka *pap pap*. Sisi tuliosoma hapa tukiona ile rangi tumbo linacheza. Ni ishara kwamba mtihani wa kidato cha nne umefika na hujasoma.

Swali: ninaweza kupanda mmoja? Kiwanja changu ni hamsini kwa mia.

Mbishi_Asilia (17 Oktoba)

Futi hamsini kwa mia unataka mjakaranda? Ukikua, wewe ndiye utakuwa kwenye kiwanja chake. Uangalie wa manispaa bure. Panda mnyonyore, haupiti paa, unatoa nyekundu na njano karibu mwaka mzima.

Kichanga_Goba (18 Oktoba)

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na mbishi. Tupige picha ya skrini.

Dar: msanapiti umevaa tena majani na umeanza kutoa mashada. Mkrismasi wa jirani una matumba, ndani ya mwezi atatuwakia. Ule wa tunguu ameshalala, bua limebaki kama utepe mkavu.

Malkia wa usiku bado. Mwaka wa sita unaingia. Nimeshachoka kumtazama.

binti_Vikokotoni (18 Oktoba)

Kaka, unamweka wapi? Na unamkata?

Kichanga_Goba (18 Oktoba)

Yuko nyuma ya jiko, kivuli kizito, chungu kikubwa nilimhamishia mwaka jana apate nafasi. Yale majani marefu yanayoning'inia vibaya nayakata kila mara.

binti_Vikokotoni (18 Oktoba)

Basi unamkata maua yake. Yale siyo majani, ni mashina bapa, na ua linatoka ubavuni mwa lile la zamani, kwenye vile vipengo. Na chungu kikubwa hakipendi, anataka mizizi ibanane. Mhamishe apate jua la asubuhi, la mchana asipate. Maji mpe udongo ukishakauka juu. Na mkasi wako uufiche.

Kichanga_Goba (22 Novemba, saa 1:10 usiku)

Binti. Wanajamvi wote.

Wiki tatu zilizopita nimeona kijitumba kama nafaka ya mtama kwenye shina moja kuukuu ambalo lilinusurika mkasi. Sikuandika hapa nikiogopa kulitia mkosi. Limekuwa likirefuka, likaning'inia kama kiko cha mzee. Jana ncha yake imejikunja kutazama juu. Leo limevimba. Nimetoa viti nje.

Kichanga_Goba (22 Novemba, saa 3:45 usiku)

Linafunguka. Nimeweka simu chini nikakaa kulitazama, na kweli unaliona likitikisika. Zile nyuzi za nje za rangi ya waridi zimerudi nyuma kwanza, halafu nyeupe. Ni pana kuliko kiganja changu nikitanua vidole. Ndani kuna kama nyota nyingine ndogo. Harufu imefika kwa jirani, amekuja na kanga begani kuuliza tunachoma udi gani. Tuko watu tisa uani na umeme umekatika, tunatumia tochi za simu. Mke wangu anasema tusiongee kwa sauti.

Deni_la_Mangi (22 Novemba, saa 3:52 usiku)

Tuma picha mzee wangu, msituache hivi.

Kichanga_Goba (23 Novemba, saa 12:20 asubuhi)

Picha zote zimetoka giza. Sasa hivi linaning'inia kama soksi iliyolowa. Ila kwenye lile shina chini yake kuna vijitumba vingine viwili. Na ni kweli binti, nimeongeza ile safu kwenye daftari.

MamaJunior, kipande chako nimeshakata, kiko kwenye mchanga wa mto. Pitia Jumamosi, uje na kikopo kidogo.